Toyota IST mjini Dodoma: uimara wake ni bahati au ni matunzo?

Kwa mkazi wa Dodoma, Toyota IST ya toleo la kwanza haihitaji kutambulishwa. Asubuhi utaiona ikielekea Mtumba, uliko Mji wa Serikali, ikiwa imejaa watumishi, jioni imeegeshwa karibu na soko la Majengo, na mwisho wa juma iko njiani kwenda Kondoa, Mpwapwa au Manyoni ikiwa na mizigo iliyopanda hadi usawa wa vioo. Kinachostahili kujadiliwa ni sifa yake ya kutokufa, kwa sababu sifa hiyo imepewa maelezo mawili yanayopingana. Wapo wanaosema kwamba gari ni bahati: unaweza kupata zuri likakutumikia miaka mingi bila kuliangalia, na jirani yako akanunua lililofanana nalo kwa kila kitu, likamfilisi kabla mwaka haujaisha. Wapo wanaosema kwamba gari ni matunzo, na kwamba aliyefilisika alijifilisi mwenyewe.

Tathmini hii inalipima gari hili kwa swali hilo, kwa kuwa ndilo linalomsumbua mnunuzi hata baada ya kukubaliana bei. Nimelitumia kwa miaka kadhaa mjini hapa na katika barabara za kwenda Morogoro, Singida na Iringa, na nimeyafuatilia kwa karibu magari ya ndugu na majirani zangu. Ninachoamini ni kwamba sehemu kubwa ya kile tunachokiita bahati ni matunzo yaliyofanywa na mtu mwingine kabla gari halijatufikia, na kwamba bahati yenyewe, ingawa ipo, ina eneo dogo kuliko tunavyodhani.

IST ilianza kuuzwa nchini Japani mwaka 2002, na toleo hilo la kwanza likaendelea kutengenezwa hadi mwaka 2007. Ilijengwa juu ya msingi uleule wa Vitz ikapewa injini mbili, 2NZ-FE yenye cc 1,298 na 1NZ-FE yenye cc 1,496, ambazo zimo pia katika Probox, Funcargo na magari mengine madogo ya kampuni hiyo. Undugu huo una faida kubwa kwa mtumiaji wa hapa kwetu, kwa sababu spea zake hupatikana kwa urahisi na fundi aliyezoea Probox hahangaiki anapofungua boneti ya IST. Injini zote mbili huzungusha valvu kwa mnyororo wa taiming badala ya mkanda, kwa hiyo hakuna mkanda wa kukatika ghafla kwa sababu mwenye gari alisahau kuubadilisha. Giaboksi yake ya otomatiki ina gia nne na haina mambo mengi. Injini haibanwi itoe nguvu kubwa kuliko umbo lake, na gari lenyewe ni jepesi, likiwa na uzito wa takribani tani moja. Yote haya yaliamuliwa na wahandisi mezani, na huo ndio msingi wa kwanza wa uimara wake: gari limepewa nafasi kubwa ya kustahimili makosa ya mtumiaji. Mtu anayesema IST yake haifi kwa sababu ana bahati anasahau kuwashukuru watu hao kwanza.

Msingi wa pili ni mmiliki aliyetangulia. Nchini Japani gari binafsi la abiria hukaguliwa kisheria miaka mitatu baada ya kusajiliwa likiwa jipya, na baada ya hapo kila miaka miwili. Ukaguzi huo, unaoitwa shaken, una gharama kubwa, na gari lisiloufaulu haliruhusiwi kutembea barabarani. Matokeo yake ni kwamba IST inayoshushwa bandarini Dar es Salaam ikiwa na umri wa miaka kumi na zaidi imekwisha kupitia mikono ya wakaguzi mara kadhaa, breki zake zimepimwa, moshi wake umepimwa, na mara nyingi oili imemwagwa kwa wakati. Mnunuzi wa Dodoma anayeikuta injini imetulia, haina moshi wala kelele, hujiona ameokota dodo chini ya mwarobaini, ilhali amepokea matunda ya nidhamu ya familia asiyoijua. Miaka miwili mitatu baadaye, nidhamu hiyo ikiwa haikuendelezwa, gari linaanza kula oili, naye anasema bahati imekwisha.

Huku kwetu tuna kawaida ya kulipima gari kwa herufi ya namba yake. Mtu huisifu IST yake kuwa ni namba D, na aliye na namba E humwona mwenye namba C kama aliyeachwa nyuma. Herufi hiyo inaeleza tu ni lini gari lilisajiliwa Tanzania. Haielezi lilitengenezwa lini, lilitunzwa na nani, wala lilifanya kazi gani. IST namba E iliyokimbizwa kwenye biashara ya teksi usiku na mchana inaweza kuwa imechoka kuliko namba C ya mwalimu mstaafu aliyekuwa akienda nayo kanisani na sokoni. Madalali wanalijua hili vizuri kuliko wateja wao, na tofauti ya bei wanayoipanga kwa herufi peke yake haina uhusiano wowote na hali ya injini.

Kwa hiyo siku ya kununua ndipo bahati inapoonekana kuwa kubwa, lakini hata hapo ni suala la kukosa taarifa, na taarifa nyingi hupatikana kwa anayezitafuta. Gari linalotoka Japani moja kwa moja huja na cheti cha kufutiwa usajili kinachoonyesha kilomita zilizosomwa wakati wa ukaguzi, na lililopitia mnada lina karatasi ya mnada yenye daraja la hali yake, ambapo herufi R humaanisha kwamba limewahi kutengenezwa baada ya kugongwa. Magari yaliyoishi kaskazini mwa nchi hiyo, hasa Hokkaido, hupita kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa theluji, na kutu yake huonekana chini ya sakafu hata kama rangi ya juu inang'aa.

Kwa gari lililokwisha kutumika hapa nchini, ningemshauri mnunuzi afike asubuhi kabla injini haijawashwa siku hiyo, afungue kifuniko cha oili atazame kama ndani kuna ute mweusi ulioganda, atazame rangi ya maji ya rejeta, kisha asimame nyuma ya gari wakati linawashwa. Moshi wa bluu wakati wa kuwasha na mlio kama wa mnyororo unaogonga kwa sekunde kadhaa ni habari tosha kwamba injini imechoka. Muuzaji aliyelipasha moto gari kabla hujafika amekuficha habari hizo zote.

Sasa nije kwa Dodoma yenyewe, kwa sababu gari linalosifiwa Tanga au Moshi halipati mazingira haya. Mji wetu uko takribani mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mvua zake ni chache na huja zaidi kati ya Desemba na Aprili, na miezi mingi iliyobaki ni ya jua kali, upepo na vumbi. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa kwa kasi mwaka 2016, mji umetanuka kuliko barabara zake za lami, na anayeishi pembezoni mwa Nzuguni, Iyumbu, Nala au Miyuji hupita kwenye udongo kila siku kabla ya kuifikia lami. Vumbi hilo ni mchanga laini, na mchanga unaoingia kwenye silinda husaga kuta zake na pete za pistoni taratibu. Kinga pekee ni chujio la hewa, ambalo bei yake ni ndogo mno likilinganishwa na kile linachokilinda. Tatizo ni mazoea yetu ya kulipuliza kwa kompresa kila linapochafuka, likapulizwa tena na tena mpaka karatasi inachanika au mpira wa pembeni unaacha kubana, na tangu siku hiyo injini huvuta vumbi moja kwa moja. Nimeona machujio yaliyoonekana masafi kwa macho lakini ukiyaelekeza juani yanapitisha mwanga kwenye mikunjo. Kwa vumbi la hapa, chujio likaguliwe kila oili inapomwagwa na libadilishwe mapema, na lile lililochanika litupwe bila majadiliano.

Jambo linaloua IST nyingi zaidi hapa, kwa kadiri nilivyoona, ni maji. Mkazi yeyote wa Dodoma anajua jinsi maji ya visima, yakiwemo ya Makutupora yanayoulisha mji kwa miaka mingi, yanavyoacha utando mweupe kwenye sufuria na birika. Maji hayohayo humiminwa kwenye rejeta bila kufikiriwa, na utando uleule hujijenga ndani ya mirija yake myembamba, mahali ambapo hakuna anayeuona. Kulanti, yale maji ya rangi ya rejeta, haikuwekwa kwa ajili ya nchi za baridi peke yake. Huzuia kutu ndani ya injini ya alumini, huilinda pampu ya maji, na hupandisha kiwango cha joto ambacho mchanganyiko unaanza kuchemka.

Hapo kimo cha mji kinaingia kwenye hesabu. Kwa mita 1,100, maji ya kawaida kwenye chombo kilicho wazi huchemka kwenye takribani nyuzi 96 badala ya 100. Kinachoizuia injini kuchemsha katika joto hilo ni mgandamizo unaotunzwa na kifuniko cha rejeta, na kifuniko kizima chenye kulanti sahihi huusogeza mchemko hadi zaidi ya nyuzi 120. Kifuniko kilichochoka, ambacho spiringi yake imelegea na mpira wake umekauka, huachia mgandamizo huo, na gari ambalo lingevumilia Dar es Salaam huchemsha Dodoma. Ni kifaa kidogo cha bei ndogo, na sijawahi kumsikia muuzaji wa gari akikitaja.

Linalonisikitisha zaidi ni desturi ya kutoa thamostati. Katika gereji nyingi za mtaani, gari likichemsha mara moja, tiba ya kwanza ni kuing'oa thamostati na kuunga feni moja kwa moja ili izunguke muda wote. Kwa IST, thamostati hufunguka kwenye takribani nyuzi 82, na kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto lake la kazi haraka na kuibakiza hapo. Ikitolewa, injini hufanya kazi ikiwa baridi katika safari fupi za mjini, kompyuta huongeza petroli kwa kudhani gari ndiyo kwanza limewashwa, petroli isiyoungua huteremka na kuchanganyika na oili, na ulaji wa mafuta hupanda bila mwenye gari kujua sababu. Na tatizo lililosababisha kuchemsha, yaani rejeta iliyoziba au kifuniko kilichochoka, linabaki palepale likisubiri mlima.

Gari la ndugu yangu mmoja lilifanyiwa hivyo hivyo katika gereji moja ya mjini. Lilitembea mjini kwa miezi bila shida yoyote, naye akawa anamsifu fundi. Kisha akasafiri kwenda Iringa kwa njia ya Mtera, na kwenye mlima Nyang'oro, mchana wa jua kali, gari likiwa na abiria kamili, likachemsha hadi gasketi ya silinda hedi ikaungua. Familia nzima ilizungumzia mkosi. Rejeta ilipofunguliwa, mirija yake ilikuwa imejaa ugumu mweupe kama wa ndani ya birika la zamani, kifuniko kilikuwa hakibani, na mahali pa thamostati palikuwa patupu. Safari ile ilifichua tu kilichokuwa kimeandaliwa muda mrefu, na kama asingesafiri angeendelea kusimulia kwamba IST haihitaji kulanti.

Hapa ndipo ilipo kasoro ya hoja ya bahati. Kila mtaa una mtu wake anayesimulia kwamba hajamwaga oili kwa zaidi ya mwaka na gari linakwenda tu. Namwamini. Ila wale waliofanya kama yeye na injini zao zikanoki hawasimulii, magari yao yamesimama uani yamefunikwa turubai au yamekwisha kuuzwa vipande vipande. Tunachokisikia ni sauti za walionusurika, na kutoka kwa sauti hizo tunajenga imani. Zaidi ya hapo, hata huyo anayesimulia bado hajanusurika. IST ina akiba kubwa, na kutomwaga oili ni kula akiba hiyo. Mgogo mwenye ghala lililojaa mtama anaweza kukaa msimu mzima bila kulima na bado akala kila siku, na mgeni anayepita akamwona kuwa mtu wa neema. Injini nayo haitoi risiti kila inapopoteza kiasi cha uhai wake.

Kinachotokea ndani kinaeleweka vizuri. Injini za IST zina mfumo wa VVT-i, ambao hubadilisha muda wa kufunguka kwa valvu kwa kutumia msukumo wa oili inayopita kwenye vitundu vidogo na chujio dogo la waya. Oili iliyozeeka hugeuka ute, ute huziba vitundu hivyo, na gari hukosa nguvu wakati wa kupanda au hutetemeka likiwa limesimama. Mnyororo wa taiming, ambao tumeusifu kwa kutokatika, hutegemea oili hiyohiyo kwa kulainishwa na kwa kukazwa, kwa hiyo oili chafu huurefusha kidogo kidogo mpaka uanze kupiga kelele asubuhi. Pete za kuchuna oili kwenye pistoni huganda kwa mabaki meusi, na oili hupanda kuungua pamoja na petroli. Hakuna hata moja kati ya haya linalotokea siku ya kwanza uliyochelewa kumwaga, ndiyo maana hatuuunganishi uzembe wa mwaka huu na gharama ya mwaka wa tatu.

Injini hizi huchukua takribani lita 3.7 za oili pamoja na chujio, kwa hiyo galoni moja ya lita nne inatosha. Mtengenezaji nchini Japani huruhusu hadi kilomita 15,000 au mwaka mmoja katika matumizi ya kawaida, na huupunguza muda huo kwa nusu katika matumizi magumu, yaani barabara mbovu, milima mingi na safari fupi zinazorudiwarudiwa. Maisha ya gari la Dodoma yameelezwa hapo kikamilifu. Kilomita 5,000 ambazo mafundi wetu wengi hupendekeza ni desturi nzuri, na anayetumia oili nyepesi ya daraja la 5W-30 halisi katika umbali huo anaitendea haki injini. Oili nzito kama ile ya malori, inayotumiwa na wengine kwa imani kwamba inaziba moshi, haifai kwa vitundu vya VVT-i.

Kwa giaboksi sina mengi ya kusema, kwa sababu ya gia nne ni imara na haina mgogoro na mtu anayeiheshimu. Inataka mafuta ya aina ya T-IV, na baadhi ya mafundi humimina mafuta yoyote mekundu yaliyopo dukani, kisha gari likianza kuruka wakati wa kubadili gia lawama humwendea Mjapani. Anayenunua IST ya toleo la pili, lililotoka mwaka 2007, akumbuke kwamba nyingi zina giaboksi ya CVT, yaani isiyo na gia za hatua kwa hatua, ambayo haivumilii kabisa mafuta yasiyo yake. Miguu ya gari ni suala la barabara: bushi, boljointi, linki za stabilaiza na shokapu huisha mapema kwa anayepita kwenye matuta ya udongo kila siku, na hakuna uchawi wa kuzuia hilo isipokuwa mwendo wa taratibu na kubadilisha kilichoisha kabla hakijaharibu kilicho jirani yake. Tumbo la gari liko chini, na upepo wa tambarare za kuelekea Singida hulisukuma kwa sababu ni jepesi na refu kwenda juu. Hizo ni kasoro za kweli ambazo matunzo hayaziondoi.

Bahati yenyewe iko wapi basi? Ipo, na mtu mwaminifu lazima aipe nafasi yake. Mwaka 1978 wahandisi wawili wa shirika la ndege la United Airlines la Marekani, Nowlan na Heap, walitoa ripoti ya uchunguzi wa vipande vya ndege na namna vinavyoharibika. Waligundua kwamba ni asilimia 11 tu ya vipande hivyo vilivyoonyesha dalili ya kuchakaa kadiri umri ulivyosonga, na kwamba asilimia 89 uwezekano wake wa kuharibika haukuhusiana na umri kwa namna hiyo. Asilimia 68 vilikuwa na hatari kubwa zaidi mara tu baada ya kufungwa. Matokeo hayo yalibadilisha namna ndege zinavyotunzwa duniani, na yanamfaa pia mwenye IST, japo si kwa namba zilezile.

Yanamfundisha kwamba vitu vinavyosuguana na kuliwa, kama oili, breki, matairi, bushi na mikanda, vinafuata umri na matumizi, na hivyo viko ndani ya uwezo wake. Vitu vya umeme, kama koili za plagi, sensa na alteneta, vinaweza kufa siku yoyote, na mtu aliyetunza vizuri hana sababu ya kujilaumu koili inapokufa akiwa Kibaigwa usiku. Hiyo ni bahati mbaya halisi, na dawa yake ni kuwa na plagi na koili moja ya akiba kwenye buti, pamoja na kuisoma taa ya onyo ya injini kwa mashine ya kupimia badala ya kuikatia waya.

Ripoti hiyo inafundisha pia jambo ambalo mashabiki wa matunzo hatupendi kulisikia, nalo ni kwamba kila tunapokifungua kitu tunaweza kukiacha kibovu kuliko tulivyokikuta. Gari linaloingia gereji kila mwezi bila sababu huvunjiwa vibanio vya plastiki, hupotezewa skrubu, hukazwa mno nati moja na kulegezwa nyingine. Kuosha injini kwa maji ya presha ili ing'ae kabla ya kuuzwa huingiza maji kwenye soketi za umeme na visima vya plagi, na gari lililokuwa zima huanza kukosa moto siku mbili baadaye. Kutunza ni kufanya lililo lazima kwa wakati wake, kisha kuliacha gari lifanye kazi.

Lipo pia fungu la kiwandani. Mifuko ya hewa ya Takata, ambayo kemikali yake huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi na kuweza kulipuka vibaya, ilisababisha mamilioni ya magari ya kampuni mbalimbali, Toyota ikiwemo, kuitwa yarudishwe duniani kote. Hakuna kumwaga oili kunakoweza kutibu kasoro ya namna hiyo. Mnunuzi wa gari lolote la Kijapani la miaka hiyo anaweza kuulizia namba ya chesisi kabla ya kulipa, kwani kampuni huweka orodha hizo wazi. Mafuta ya petroli nayo yalikuwa bahati nasibu enzi za uchakachuaji, na tangu vinasaba, yaani kemikali ya kuyatambua mafuta yaliyochakachuliwa, vilipoanza kuwekwa mwaka 2010 hali imekuwa afadhali. Spea feki bado ni janga. Chujio la oili linalofanana na halisi kwa boksi na nembo linaweza kuwa na karatasi duni ndani, na mnunuzi asiyejua anakuwa ametunza kwa dhamira na kuharibu kwa vitendo. Hapo ndipo duka la spea linaloaminika na fundi mkweli wanapokuwa na thamani kuliko gari lenyewe, na kumpata fundi wa aina hiyo, nakiri, kuna bahati ndani yake.

Nimemwona mzee mmoja, dereva mstaafu wa Serikali, ambaye IST yake ya injini ya lita 1.3 inawaka asubuhi kama imetoka melini jana. Kwenye kisanduku cha mbele ana daftari la shule lenye tarehe, kilomita, aina ya oili, jina la fundi na bei ya kila kitu, tangu alipoinunua. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwake methali hiyo ni utaratibu wa kazi. Nilipomuuliza kama haoni kuwa amebahatika kupata gari zuri, alinifungulia ukurasa ulioonyesha pampu ya maji iliyobadilishwa ilipoanza kuvuja tone moja moja, akasema, "Mwanangu, hapa ningeweza kusubiri." Vijana wa mtaani kwake wanasema mzee ana mkono mzuri.

Kwa hiyo hukumu yangu kuhusu gari hili ni hii. IST ya toleo la kwanza inaufaa sana mji wa Dodoma kwa mtumishi, mfanyabiashara mdogo au familia yenye watoto wawili watatu, mradi mmiliki akubali kwamba amenunua akiba iliyobaki, ambayo haina mwisho unaojulikana lakini mwisho upo. Ya 1.3 inatosha kwa anayezunguka mjini. Anayesafiri mara kwa mara kwenda Iringa au Dar es Salaam akiwa na mzigo atafurahia zaidi ya 1.5. Haimfai mtu anayeishi kwenye korongo lisilopitika masika, wala anayetaka kubeba abiria sita na magunia. Ningeipa alama nne kati ya tano, na ile moja niliyoizuia ni ya tumbo lake la chini na wepesi wake kwenye upepo.

Anayenunua atenge fedha ya juma la kwanza, nje ya bei ya gari, kwa ajili ya kumwaga oili na kubadilisha chujio lake, chujio jipya la hewa, kuosha rejeta na kuweka kulanti iliyochanganywa na maji yaliyochujwa chumvi, kifuniko kipya cha rejeta, thamostati kama iling'olewa, mafuta ya T-IV, na kukagua tarehe ya matairi, ile yenye tarakimu nne ambapo mbili za mwisho ni mwaka. Fedha hiyo ikikosekana, ni bora kusubiri mwezi mmoja kuliko kuanza na gari la historia isiyojulikana. Na muuzaji akikataa kukuruhusu uliwashe gari likiwa baridi asubuhi, mshukuru kwa muda wake uondoke, kwa maana IST zinazouzwa mjini hapa ni nyingi.